Yule Aliyesukuma Gari

Leo nitawasimulia habari inayoniaibisha kidogo, nanyi mtanivumilia.

Msimu mmoja wa mvua nilitoka Eldoret kwenda kuhubiri katika kanisa moja la mashambani, upande wa Kaptagat. Niliondoka alfajiri kwa sababu barabara zile nazijua. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi udongo ule mwekundu huwa kama mtu ameumwagia sabuni. Sikufika mbali baada ya kuacha lami. Gurudumu la nyuma likazama. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuzama. Nilikuwa nimevaa suti, Biblia na karatasi za mahubiri ziko kwenye kiti cha kando, na saa inakwenda. Kushuka matopeni sikutaka.

Ndipo wakatokea vijana wapata kumi, wanakimbia katika ukungu, kimya kimya, husikii ila viatu. Nikafungua dirisha nikawapungia. Wakasimama wala hawakuuliza neno. Wengine wakashika milango, wengine nyuma, na mmoja mwembamba, amevaa kofia ya sufu, akajiweka nyuma ya gurudumu lenyewe, pale pale matope yanaporukia. Nikampigia kelele: "Wewe kijana, shika vizuri hapo! Usisukume mpaka nikuambie!" Akaitikia, "Ndiyo, mzee." Gari likatoka kwa kishindo. Nami kwa kuogopa kuzama tena, sikusimama. Nilitoa mkono dirishani, nikaenda zangu.

Mbele kidogo pana kibanda cha chai. Nikaegesha gari nipate kujipangusa. Mama mwenye kibanda alikuwa ameyaona yote kutoka pale juu, naye alicheka mpaka akashika nguzo. "Mchungaji," akaniuliza, "unamjua yule uliyempaka matope?" Akanitajia jina. Mimi sitalitaja, maana mwenyewe hakunipa ruhusa, lakini ninyi mnalijua. Siku moja jina hilo lilitangazwa huko ng'ambo, bendera yetu ikapandishwa, wimbo wa taifa ukapigwa, nami nikasimama wima sebuleni kwangu, peke yangu, machozi yananilengalenga.

Sasa sikilizeni wazo la kwanza lililoniingia pale kibandani. Halikuwa, "Sikumshukuru." Lilikuwa, "Sikupiga picha naye."

Wazo hilo limenisumbua muda mrefu, na ndilo lililonileta kwenye mazungumzo ya leo. Ikiwa umepata kukutana na mtu mashuhuri dukani, kwenye matatu, hospitalini au njiani, basi unajua kwamba moyo hufanya mambo ya ajabu dakika ile. Na ikiwa hujakutana naye, labda umekutana naye hukujua.

Katika nchi nyingi watu mashuhuri hawaonekani ovyo. Utamwona kwa tiketi, au nyuma ya walinzi, au kupitia kioo cheusi cha gari. Lakini nyanda za juu za Bonde la Ufa si hivyo. Mji wa Iten uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili unaoishi katika hewa nyepesi hujiongezea chembe nyekundu za damu ili ubebe pumzi ya kutosha. Akishuka mkimbiaji kwenda kushindana nchi za tambarare, akiba ile humsaidia. Kwa hiyo mtu anayetaka kushinda huko Berlin au London hana budi kukaa huku, na mazoezi yake ni barabara, ile ile ya ng'ombe, ya watoto wa shule na ya mchungaji aliyekwama. Mwaka 1976 alikuja Iten mwalimu kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha katika shule ya sekondari ya St Patrick's. Kutoka shule ile akatoka Peter Rono, aliyeshinda medali ya dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Bruda huyo huyo ndiye aliyemfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, dunia nzima ikishangaa. Watu wa namna hiyo watu wa Iten wamewaona wakinunua sukari.

Na huko Kaptagat, Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2019 alikuwa mtu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, kule Vienna, ingawa haikuandikwa kuwa rekodi kwa jinsi mbio zile zilivyotayarishwa, alijulikana kambini kwa kushika zamu yake ya usafi kama wenzake, na kusafisha choo kukiwamo. Basi ukipita nje ya ua ukamwona mtu ameshika ndoo, utajuaje?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sisi hatumtambui mtu kwa uso peke yake. Twamtambua kwa mahali, kwa mavazi, na kwa wale wanaomzunguka. Mwondolee hivyo, na jina litamwanguka.

Jambo hili lilijaribiwa huko Marekani, katika mji wa Washington, tarehe 12 Januari 2007. Gazeti moja kubwa la huko lilipatana na Joshua Bell, mpigaji fidla anayesifiwa ulimwenguni, kwamba asubuhi ya siku ya kazi asimame penye stesheni ya treni ya chini ya ardhi apige muziki kama wale waombao senti. Akavaa suruali ya jinzi na kofia ya chepeo. Fidla aliyoishika ilitengenezwa na Stradivari wa Italia mwaka 1713, na bei yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni tatu na nusu. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amejaza ukumbi mkubwa wa Boston, ambako kiti kizuri kiliuzwa dola 100 hivi. Pale stesheni alipiga dakika 43. Walipita watu 1,097. Waliosimama angalau dakika moja kumsikiliza ni saba. Waliotupa pesa ni 27, wengi wao wakiendelea na mwendo, na jumla yake dola 32 na senti kidogo, bila kuhesabu noti ya dola 20 aliyoitia mama mmoja. Ni mama huyo peke yake, kati ya watu elfu na zaidi, aliyemtambua, kwa sababu alikuwa amemwona jukwaani majuma machache nyuma.

Sitaki tuwacheke wale wapitaji. Walikuwa wakienda kazini, nami najua kuchelewa kulivyo. Ila katika habari hiyo kuna kitu kimoja ambacho sikuweza kukipita upesi: watoto. Kila mtoto aliyepitishwa pale alijaribu kusimama atazame, na kila mara mzazi akamvuta mkono. Watoto hawakujua ni Joshua Bell. Hawakuwa na haja ya kujua.

Jambo la pili ni kinyume cha hilo. Tukimjua mtu kwa redio, gazeti au televisheni, twajiona kana kwamba naye anatujua. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya hali hii. Walieleza kwamba sauti inayoingia nyumbani kila siku, ikizungumza kwa upole kama inamwambia mtu mmoja, humfanya msikilizaji ajenge urafiki wa upande mmoja. Msikilizaji anajua mengi juu ya yule asemaye. Yule asemaye hajui kwamba msikilizaji yupo.

Hapa sina budi kujitaja, maana mimi nami ni sauti. Siku moja nilikuwa kwenye matatu, nikamwambia utingo anishushe mbele penye mnazi wa pekee. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kwa nguvu. "Wewe ni yule wa redio!" Nikakiri. Akanishika mikono miwili akaniuliza hali ya mke wangu, kwa maana niliwahi kusema hewani kwamba alikuwa mgonjwa. Akasema amekuwa akimwombea kwa jina kila usiku, muda wa miezi mitatu. Mimi nilikuwa simjui mama yule hata kidogo. Sikujua anaitwaje, ana watoto wangapi, wala kama yeye mwenyewe ni mzima. Na kwa bahati mbaya matatu ilikwisha kufika, nikashuka kabla ya kumwuliza. Tangu siku hiyo sisemi kwamba urafiki wa upande mmoja ni upuuzi. Mke wangu alipona. Lakini nasema kwamba ni wa upande mmoja, na yule aliye upande wenye sifa asijidanganye kwamba anawajua watu kwa vile watu wanamjua.

Sasa nije kwa mtu ambaye habari yake ndiyo iliyonizuia kuandika mazungumzo haya kwa mzaha tu.

Wazee wenzangu watalikumbuka jina la Henry Rono, mzaliwa wa Nandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 mwezi wa Aprili, mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwezi wa Mei, mita 10,000 mwezi wa Juni kule Vienna, na kabla Juni haijaisha, mita 3,000 kule Oslo. Mwaka ule ule akapata dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika kule Algiers, na mbili tena katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Olimpiki hakuikimbia kamwe. Mwaka 1976 Kenya ilijitoa pamoja na nchi nyingine za Afrika kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki; na mwaka 1980 tukasusia tena, safari hii kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Kijana akakaa nje mara mbili, katika miaka ambayo miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mtu yeyote duniani.

Pombe ikamwingia. Fedha zikaondoka. Yeye mwenyewe hakuficha habari hiyo, aliiandika katika kitabu cha maisha yake. Ilifika wakati akalala katika nyumba za kuwahifadhi wasio na makao, na wakati mwingine akaosha magari. Halafu akapata kazi katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, kazi ya kubeba mizigo ya abiria.

Tulieni hapo kidogo. Fikirini mlango wa uwanja wa ndege. Gari linasimama, anashuka bwana mmoja mwenye masanduku mawili. Labda bwana huyu ni mpenzi wa riadha. Labda mwaka 1978 alikata picha gazetini akaibandika ukutani. Anamwona mtu mweusi, mfupi, wa makamo, amevaa sare. Anamwonyesha masanduku kwa kidole, anatoa dola moja, anaingia. Amekutana na Henry Rono, na hatajua mpaka kufa kwake.

Wangapi walifanya hivyo, Mungu anajua. Sisemi walimtendea vibaya. Dola moja ni ada ya kazi ile, na kubeba mzigo si aibu. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja huyo huyo, mwili ule ule, alipewa mikono elfu mwaka mmoja, na baadaye akapewa mizigo. Yeye hakubadilika kuwa mtu mwingine. Ni macho ya wapitaji yaliyobadilika. Baadaye aliiacha pombe, akawa mwalimu na mfundishaji wa mbio katika mji ule ule, akarudi nyumbani Kenya mwaka 2019. Alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, akiwa na miaka 72. Siku nne tu nyuma yake, ajali ya gari karibu na Kaptagat ilikuwa imemchukua kijana Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa mbili na sekunde 35, rekodi ya dunia wakati ule. Nchi ilikuwa bado inamlilia kijana, na ndivyo ilivyopasa. Lakini nilipomtajia mjukuu wangu kifo cha Henry Rono, aliniuliza, "Huyo alikuwa nani, babu?"

Najua wahubiri wengi hapa wangekimbilia njia ya Emau, na wale wanafunzi wawili waliotembea na Bwana wasimtambue mpaka alipoumega mkate. Ni mahali pazuri. Mimi leo nitawapeleka kwa Yakobo, sura ya pili, kwa sababu Yakobo anaingia kanisani mwetu bila kubisha hodi. Anaeleza habari ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na nguo za kung'aa, mwingine ni maskini aliyevaa mavazi mabovu. Wa kwanza anaonyeshwa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame kule, au aketi chini karibu na miguu ya mtu. Wasikilizaji, Yakobo hasemi habari za soko. Anasema habari za ibada.

Nasi kanisani tumeongeza jambo ambalo Yakobo hakulitaja. Yule wa pete ya dhahabu hatumpi kiti kwa bure. Nimeketi katika kamati nyingi za harambee, nami nakiri mbele yenu: nimepata kuona jina la mkimbiaji likipigwa chapa kwenye kadi kuwa mgeni wa heshima kabla mtu yeyote hajamwuliza. Akija Jumapili kuabudu, anaitwa mbele asalimie. Akisalimia, anaonyeshwa paa la kanisa lisilo na mabati. Akitoka nje, kuna mzazi mwenye barua ya karo, na kijana mwenye mradi, na binamu wa binamu. Shida zao ni za kweli. Lakini mtu huyu alikuja na dhambi zake na huzuni zake kama sisi, na hakuna aliyemwuliza, "Ndugu, hali ya roho yako?" Wale waliokutana na Henry Rono mlangoni pa uwanja wa ndege waliona sare. Sisi tunaona mfuko. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lenye heshima zaidi kwa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Basi nirudi kwa matope yangu, maana hayajakauka.

Nilijiuliza maswali mawili pale kwenye chai. La kwanza: ningalijua ni nani, ningalimpigia kelele vile? Hasha. Ningalishuka na suti yangu, ningalimzuia asichafuke, labda ningalisukuma mimi naye akashika usukani. La pili lilikuwa gumu zaidi: na kama hakuwa yeye? Kama alikuwa kijana tu wa kijiji kile, asiye na medali, anayekimbia kila asubuhi kwa matumaini na pengine bila kifungua kinywa? Je, hapo kelele zangu zingekuwa sawa? Maana kati ya wale kumi, tisa sikuambiwa majina yao, na mama wa kibanda hakuona haja ya kunitajia. Wao pia walisukuma. Wao pia sikuwashukuru.

Nilihubiri siku ile, na sikumbuki nilihubiri nini.

Ikapita miezi saba au minane. Nikaalikwa tena upande ule, katika kanisa jingine. Wakati wa wimbo wa pili nikamwona ameketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke mzee kando yake, nadhani mama yake, wanatazama kitabu kimoja cha nyimbo. Mzee wa kanisa naye alikuwa amemwona. Akatoka madhabahuni mpaka nyuma, akainama, akamnong'oneza huku akionyesha viti vya mbele. Yule bwana akatikisa kichwa, akamwonyesha mama. Mzee wa kanisa akarudi peke yake.

Ibada ilipokwisha nilitoka upesi kabla ya watu kumzingira. Nikamkuta chini ya mti, anamfungia mama vifungo vya sweta. Nikamwamkia mama kwanza, kisha nikamwambia mwanawe kwamba nimebeba deni tangu msimu wa mvua, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha na kumshukuru, yeye na wenzake wote, kwa ajili ya gari langu. Nikaeleza barabara ile, na ukungu, na jinsi nilivyopiga kelele, na jinsi nilivyoondoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama kwa adabu kama mtu anayetafuta jambo asilione.

"Samahani, mchungaji," akasema. "Ni gari gani hilo? Wakati wa mvua tunasukuma mengi."